Aachiliwapo na Polisi, Hupokewa na Nani?

Ikifika saa kumi na mbili za jioni, Buyenzi hubadili sauti. Nyundo zilizokuwa zikipiga bati tangu asubuhi hunyamaza moja baada ya moja. Mafundi huosha mikono kwa sabuni na mchanga, maana petroli siku hizi haimwagwi ovyo, na adhana husikika kutoka misikiti ya mtaa. Avenyu za hapa hazina majina ya mashujaa wala ya miti. Zina namba tu, na kila mwenyeji hujulikana kwa namba ya avenyu yake kama askari ajulikanavyo kwa kikosi chake. Hapa ndipo Kiswahili kilipo nyumbani katika Bujumbura, na hapa ndipo gari la mkubwa na teksi ya mnyonge hulazwa ubavu kwa ubavu zikingoja dawa.

Wenye ulimi mkali mjini husema kwamba mtu aliyeibiwa kioo cha pembeni cha gari usiku, asijisumbue kwenda mbali. Asubuhi na aende Buyenzi na fedha zake mkononi. Maneno hayo huwaudhi mafundi waaminifu, na wana haki ya kuudhika. Lakini tuseme kwamba usiku mmoja kijana wa miaka 14 ameshikwa kweli, karibu na soko la Ruvumera, kioo kikiwa ndani ya shati. Wenye hasira wamempiga makofi kadhaa, askari wa doria amemwokoa mikononi mwao na kumpeleka kituoni. Kesho yake mama yake anaitwa. Anafika na kitenge alichojitanda haraka, macho mekundu, na jambo la kwanza analolisema ni lile lisemwalo na akina mama wote duniani: "Afande, mwanangu hana tabia hiyo."

Afande hana nafasi ya kubishana juu ya tabia. Anayo sheria mbele yake, na sheria katika jambo hili iko wazi. Kanuni ya adhabu ya Burundi iliyotolewa Aprili 2009 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 13 hadi miaka 15, na kanuni mpya ya Desemba 2017 ikaushika umri huo huo. Aliye chini ya miaka 15 hashitakiwi kwa jinai. Kosa lake huzaa fidia tu, na fidia hiyo huwaangukia baba na mama, kwa kuwa sheria ya madai huwataka wazazi wajibu kwa hasara iliyoletwa na mtoto mdogo anayeishi nao. Basi kijana huyu hana budi kuachiliwa. Mama anapiga magoti kushukuru, mwenye gari anaondoka akinung'unika, na askari anafunga daftari.

Hapo ndipo penye swali. Kijana ameachiliwa, lakini amerudishwa wapi? Amerudishwa kwenye chumba kile kile alichotoka, kwa mama yule yule anayeondoka alfajiri kuuza dagaa na kurudi usiku, na kwenye kona ile ile ambako wakubwa wake walimfundisha kufungua kioo kwa bisibisi. Pengine sasa ana deni la kioo juu ya kichwa cha mama yake. Tena amejifunza jambo moja ambalo hakulijua jana: kwamba akishikwa, ataachiwa. Sheria imefanya kazi yake vizuri sana, imemfungulia mlango wa kituo. Ila upande wa pili wa mlango hapana mtu aliyesimama kumpokea.

Wataalamu wa haki za watoto wana jina la kazi inayopaswa kufanyika upande huo wa pili. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni kumchepusha kijana: kumtoa katika njia iendayo mahakamani na gerezani, na kumtia katika njia nyingine yenye mtu wa kumwongoza. Si kumsamehe na kumwacha. Anayechepushwa huomba radhi mbele ya aliyemkosea, hulipa hasara kwa kadiri awezavyo, hurudi shule au hutiwa kwenye kazi ya mikono, na kwa miezi kadhaa huwa yuko mtu anayekuja kuuliza habari zake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unazitaka serikali katika kifungu cha 40 zitafute njia za namna hiyo kila inapofaa, ili mtoto asifikishwe mbele ya hakimu pasipo lazima.

Kwa wale waliokwisha timiza miaka 15 lakini hawajafika 18, mambo ni mazito zaidi. Hao hushitakiwa, ingawa adhabu zao hupunguzwa. Kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 2013 iliwawekea vyumba vyao mahakamani, na vikafunguliwa vituo vya kuwarekebisha: Ruyigi na Rumonge kwa wavulana, Ngozi kwa wasichana. Hatua hizo zilikuwa za maana kubwa, kwani kabla yake mtoto alitupwa pamoja na watu wazima. Gereza la Mpimba, ambalo kila mkazi wa Bujumbura analijua, lilijengwa kwa watu 800 na kwa miaka mingi limebeba maelfu. Mtoto anayelala mahali kama hapo, hata kwa wiki chache akingoja kusikilizwa, hutoka na walimu wapya, na masomo yao si ya kuandika na kusoma. Lakini Rumonge na Ruyigi ziko mbali na Buyenzi. Kijana apelekwaye huko lazima siku moja arudi, na akirudi atashuka kwenye basi karibu na kona ile ile.

Ajabu ni kwamba Buyenzi yenyewe ilikuwa ikiwachepusha vijana kabla neno hilo halijaandikwa katika mikataba. Nani asiyemjua fundi mkuu wa gereji ambaye nusu ya mafundi wake walikuja kwake wakiwa watundu wasioshikika? Mzazi alikuja na mtoto wake, akasema, "Mzee, huyu amenishinda, mchukue wewe." Mzee alimtazama kijana mikono, akampa ndoo ya maji na kitambaa, akamwambia aoshe vyuma. Mwezi wa kwanza vyuma, mwezi wa pili kufunga magurudumu, mwaka wa pili injini. Hapakuwa na karatasi wala mshahara; palikuwa na sahani ya wali na maharage mchana, na kofi moja moja ambalo leo halifai tena. Waliotoka katika malezi hayo leo ndio wanaotengeneza magari ya wizara.

Na si mafundi peke yao. Vita vilipoanza mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, huyu hapiti kwa yule. Buyenzi ilibaki mtaa wa watu mchanganyiko, ikawapokea waliokimbia wa kila upande, na wazee wake wakawazuia vijana wao wasiingie katika makundi ya kuua. Wazee hao hawakuwa na bajeti. Walikuwa na vikao vya barazani, ibada ya Ijumaa, na uzito wa jina lao. Kumbukumbu hiyo ni mali, na mtaa wenye mali ya namna hiyo si maskini kama unavyodhaniwa.

Lakini haifai kumtwika mzee mmoja mzigo wa taifa kwa sababu tu ana moyo. Gereji za leo si za zamani. Magari mapya yana vifaa vya umeme ambavyo hata fundi mkuu huvisoma kwa shida. Upungufu wa mafuta wa miaka ya karibuni umeyalaza magari mengi majumbani, na gari lisilotembea haliharibiki, wala halimletei fundi riziki. Fundi asiye na kazi ya siku mbili hawezi kumlisha mwanafunzi wa tatu. Halafu ipo hatari yenyewe ya kazi: moto wa kuchomea, tindikali ya betri, gari lililoinuliwa kwa jeki mbovu. Burundi imeridhia mkataba wa kimataifa namba 182 unaokataza kazi za hatari kwa wasiotimiza miaka 18. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 mahali pake pa kwanza ni darasani, na gereji iwe ya alasiri, ya kujifunza kushika spana na kutaja vyuma kwa majina yao, si ya kuwa kibarua wa bure. Nani atahakikisha hivyo? Fundi hawezi kujikagua mwenyewe. Mama hana nafasi. Askari ana doria.

Tena kuna dawa. Wazazi wa Buyenzi na Bwiza hawana haja ya kuelezwa habari za ule unga wa heroini uitwao boost ambao umeharibu vijana wengi wa Bujumbura katika miaka hii. Anayeiba kioo kwa njaa hutibiwa kwa chakula na shule. Anayeiba kwa sababu mwili wake unadai unga, huyo anahitaji mganga, na kumpeleka kwa fundi ili apewe vyuma vya thamani ni kumwonea fundi. Mtu wa kutofautisha hawa wawili ni lazima awe amesomea kazi hiyo, na mtu aliyesomea kazi hula mshahara.

Kwa sasa kazi hii iko mikononi mwa nani? Zipo kamati za kulinda watoto katika mitaa na vilima, zenye wananchi waliojitolea. Zipo huduma za wizara inayoshughulikia mshikamano wa taifa, zinazofika hadi kwenye komini, ingawa mtumishi mmoja aweza kuwa na eneo ambalo hata pikipiki haimalizi kwa wiki. Polisi wana kitengo chao cha watoto na maadili. Yapo pia mashirika, mengi ya moyo mwema, yanayokuja na mradi wa miaka miwili au mitatu, huajiri, hufundisha, hununua cherehani, kisha mfadhili hubadili nia na ofisi hufungwa. Kijana aliyeanza mwaka wa kwanza wa mradi ana bahati. Aliyeshikwa mwezi mmoja baada ya mradi kwisha hana. Haki ya mtoto haiwezi kuwa kama mvua ya msimu.

Mfano wa kudumu upo, nao uko upande wa kaskazini wa mji. Kituo cha Vijana cha Kamenge kilianzishwa mwaka 1991 na wamisionari wa Kiksaveri, kikawakusanya vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu na Watutsi, katika michezo, maktaba na mafunzo, hata katika miaka ambayo risasi zilikuwa zikipita juu ya paa lake. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood. Yafaa kukisifu. Yafaa pia kukumbuka kwamba hakikuzaliwa na bajeti ya komini yoyote, na kwamba mlango wake uliwekwa kwa walio na miaka 16 na zaidi. Kijana wetu wa miaka 14 angefika pale, angeambiwa arudi baada ya miaka miwili.

Basi twende kwenye mfuko wenyewe, yaani komini. Tangu mageuzi ya mwaka 2014, Buyenzi haikuwa tena komini yenye msimamizi na mfuko wake; iliingizwa kama zoni katika komini ya Mukaza, pamoja na Bwiza, Nyakabiga na Rohero. Kuna waliosikitika, lakini kwa upande wa fedha haikuwa hasara tupu, maana Mukaza ilishika katikati ya mji, kwenye maduka na ofisi. Komini huishi kwa ushuru wa masoko, wa maegesho, wa karatasi zinazogongwa muhuri. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walitawanyika na kuhamia masoko mengine, Ruvumera likiwamo, na soko lililojaa watu hujaza pia kisanduku cha ushuru. Kwa maneno mengine, ile kona anapoibiwa mtu kioo ndiyo kona inayotoa faranga. Si vibaya baadhi ya faranga hizo zikirudi pale pale.

Zaidi ya hayo, katika miaka ya mwisho ya 2010 Serikali ilianza kuzipa komini zote, zilizokuwa 119, ruzuku ya faranga milioni 500 kila moja kwa mwaka. Fedha hizo zilijenga madarasa, zahanati, masoko, madaraja madogo. Nani atalalamika juu ya darasa? Ila mwenye macho ataona kwamba karibu kila kilichojengwa ni kitu chenye ukuta. Ukuta huonekana. Mgeni mheshimiwa huja, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kijana ambaye hakuiba mwaka huu hapigwi picha, kwa sababu hakuna lililotokea. Na baraza la komini, kama baba yeyote wa nyumba, hupenda kuwaonyesha majirani kile kilichonunuliwa.

Hesabu ndogo haidhuru. Sehemu moja tu katika mia ya milioni 500 ni faranga milioni 5. Zikigawanywa kwa vijana 40, kila mmoja ana faranga 125,000 kwa mwaka. Si fedha nyingi; hazimnunulii kijana sanduku kamili la zana zake mwenyewe. Lakini zana haziwi za mtu mmoja, huwa za gereji. Chakula cha mchana hupikwa katika chungu kimoja. Na daftari na kalamu ni kitu kidogo. Sehemu ya pili katika mia ingetosha kumpa posho mlezi wa mtaa, mtu mmoja anayejulikana, mwenye daftari la majina, anayepita kila wiki shuleni, gerejini na nyumbani, na ambaye afande akipiga simu saa nne za usiku atapokea. Bila mtu huyo, fedha nyingine zote ni maji kwenye pakacha.

Watu wengine watasema: mbona zipo fedha za vijana? Ni kweli, zipo. Benki ya Uwekezaji wa Vijana, ijulikanayo kama BIJE, ilianza mwaka 2020, na mpango wa Serikali wa kuwawezesha vijana kiuchumi ukafuata. Tanzania nayo imekwenda mbali zaidi upande wa serikali za mitaa: sheria ilirekebishwa mwaka 2018 ikaziamuru halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya wakaguzi kuonyesha kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hayo ni mafunzo mazuri kwa Burundi, kwa ubora wake na kwa makosa yake. Lakini tazameni umri. Kule na huku, mkopo ni wa mtu mzima, mwenye kitambulisho na saini, aliyefika miaka 18. Sheria ya jinai humwachilia mtoto chini ya miaka 15, mfuko wa vijana humfungulia mlango akiwa na 18, na katikati pana miaka ambayo kijana ni mkubwa wa kutosha kushitakiwa lakini ni mdogo mno kusaidiwa. Vioo vingi vya magari huibwa katika miaka hiyo.

Jirani wengine wamejaribu kuliziba pengo hilo kwa njia zao. Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 1996 iliyapa mabaraza ya vijiji uwezo wa kusikiliza makosa madogo ya watoto, kama wizi na ugomvi, na kutoa amri ya kupatana, kulipa fidia, kuomba radhi, au kuwekwa chini ya uangalizi wa mtu kwa muda usiozidi miezi sita. Ni sheria ya busara iliyowaamini wazee wa kijiji. Lakini kumwamini mzee si sawa na kumpa nauli. Kenya katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliandika habari ya kuwachepusha watoto kwa urefu, ikapandisha na umri wa kuwajibika hadi miaka 12. Tanzania ilifanya majaribio Mbeya na sehemu za Dar es Salaam, ambako vijana waliokosana na sheria waliwekwa na walezi katika jamii yao badala ya mahabusi. Majaribio hayo yalianza kwa msaada wa nje, na tatizo lake lilikuwa lile lile la mtoto wa kunyonyeshwa kwa chupa ya jirani.

Yapo manung'uniko ambayo ni lazima yasikilizwe. Mwenye gari huuliza: huyu ameniibia, na komini itamlisha wali? Na mimi niliyefanyiwa ubaya nitapewa nini? Na jirani mwenye watoto watulivu huuliza kwa nini wanawe wasipewe sahani hiyo, au mpaka waibe kwanza? Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Jibu lake ni kwamba mlango wa gereji ya alasiri usiwe wa walioshikwa peke yao. Uwe wa mtoto yeyote wa mtaa aliyeacha shule au anayeelekea kuiacha, na polisi wawe na haki ya kuwaleta wao nafasi kadhaa. Hapo hakuna atakayeweza kuonyeshewa kidole mlangoni. Ama mwenye gari, yeye apate kwanza. Kijana aliyeweza kuking'oa kioo aweza kufundishwa kukifunga, na kazi yake ya miezi mitatu ya kwanza iwe ni kulipa, mbele ya fundi kama shahidi. Gerezani hakuna aliyerudishiwa kioo chake.

Familia za askari zisidhani kwamba habari hizi ni za watu wengine. Askari wengi hawakai kambini. Wamepanga vyumba mitaani kama raia, na watoto wao hucheza kwenye avenyu zile zile. Kuanzia Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024, maelfu ya wanajeshi wa Burundi walikwenda Somalia kwa zamu, na zamu ilikuwa ya mwaka mzima au karibu. Baba aliondoka akimwacha mwana wa miaka 12 mwenye sauti nyembamba, akarudi akakuta sauti nzito na marafiki asiowajua. Mama alifanya kazi ya wawili. Wengine walishika barabara nzuri, wengine waliponyoka, na aibu ya kuponyoka kwa mtoto wa askari ni kubwa mara mbili, kwa sababu aliyemshika kijana huyo usiku huenda ni rafiki wa baba yake. Aibu hiyo huwafanya watu walimalize jambo gizani: simu moja, mtoto anatolewa, hakuna daftari. Wanadhani wamemsaidia. Mtoto aliyetolewa kwa simu ya baba haombi radhi kwa mtu, halipi kitu, na hana anayekuja kuuliza habari zake wiki ijayo.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo halingoji bajeti. Umri wa mtoto huthibitishwa kwa karatasi. Mahali ambapo hapana cheti cha kuzaliwa, umri hukadiriwa kwa macho, na kijana mrefu wa miaka 14 mwenye ndevu mbili tatu huhesabiwa 16, akavuka mstari wa jinai pale pale mezani kwa afande. Akina mama wengi huweka hati ya kiwanja katika sanduku lenye kufuli na cheti cha mtoto chini ya godoro, ambako panya hukisoma. Mama mwenye kijana wa umri huo na akitafute cheti leo, atoe nakala mbili, moja aipeleke kwa mkuu wa mtaa au kwa mwalimu. Na akiitwa kituoni aende nayo, aulize kwa adabu kama kitengo cha watoto kimearifiwa, na asiweke alama ya kidole kwenye karatasi ambayo hajasomewa.

Mwaka 2025 ramani ya utawala ya Burundi ilichorwa upya: komini 119 zikawa 42, na mabaraza mapya yakachaguliwa Juni mwaka huo. Komini mpya ni kubwa, mipango ya maendeleo ya miaka ijayo inahitaji kuandikwa tena, na kila mtaa una jambo lake la kusukuma mezani: mfereji, daraja juu ya Ntahangwa inayokula kingo zake, choo cha soko. Wajumbe wanaotoka Buyenzi watayasema hayo, na ni haki yao. Kati ya mfereji na choo, mstari mmoja wa maandishi ungetosha: mlezi mmoja wa mtaa, gereji kadhaa zilizokaguliwa, chungu kimoja cha wali. Mafundi wenyewe wako tayari kuitwa. Asubuhi hupatikana kwa urahisi, kwa kuwa wanakaa nje wakingoja magari yenye mafuta.

Na yule mama wa dagaa, aliyetoka kituoni na mwanawe, hangoji kikao. Usiku huo amemfungia kijana mlango kwa nje, akaweka ufunguo kifuani, akalala jicho moja. Saa kumi za alfajiri lazima aamke kwenda kwenye dagaa wake, na ufunguo huo atamwachia nani?